Swali Nililomuuliza Mzungu

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu tukulaze hapo mgombani karibu na mfereji nimezoea kujijibu kila kitu.

Sisi tupo. Tupo tu. Sukari imeadimika duka la kijiji na chai tunakunywa na chumvi. Ng'ombe amepunguza maziwa, kwa sababu nyasi sasa nazifuata peke yangu kule tambarare, na mtu mmoja hawezi kumshibisha ng'ombe yule mlafi. Nikipanda na mzigo kichwani bado mdomo unacheza wenyewe: *on my head, in the basket, at the river*. Watu wakinipita wanadhani nasali.

Unakumbuka ulivyokuwa unanisumbua? Wewe mbele, mimi nyuma, nyasi zinatuwasha shingo, nawe unauliza niko wapi, mzigo uko wapi, mama yuko wapi, na kila jibu lazima liwe na kineno chake cha Kiingereza. Ulikasirika sana na Waingereza. Ulisema sisi tuna "ni" moja tu, mezani, mtoni, mlimani, na hakuna aliyewahi kupotea, ila wao wameona wajaze sanduku zima la vineno kumtesa mtu. Ukasema *in the mountain*, nikakuuliza unachimba nini humo ndani. Ulinuna mpaka tukafika nyumbani. Halafu kile kitabu chako kisicho na jalada, kilichosema ng'ombe yuko shambani! Nilikuambia mwandishi wake aje alale kwetu asikie ng'ombe anavyocheua chumba kimoja na sisi.

Lakini *with* ulinifundisha mara moja tu. Ulisema hiyo ni ya mtu na mwenzake, huwezi kuikosea.

Ulitaka Kiingereza kikutue mzigo. Mpagazi wa mlimani anayejua kuongea na wageni anapanda kuwa msaidizi wa kiongozi, na Mzee Eliakunda, kiongozi wenu, alikuwa ameshakukubali. Ilibaki safari moja ya kubeba. Moja, kaka.

Mzee Eliakunda ndiye aliyekuleta nyumbani. Alimwambia mama kwamba ulizidiwa na baridi, kwamba alikupakata kichwa mpaka mwisho, na kwamba neno lako la mwisho lilikuwa mama asimuuze ng'ombe. Mama alilishika neno hilo. Kila aliyekuja kuhani aliambiwa, mwanangu hakufa kama mnyama, alifia mikononi mwa mtu. Akaloweka ulezi, akapika mbege, pombe yetu ya ndizi, akamchagua yule beberu mweusi, akasema Jumamosi Mzee Eliakunda aje apewe kidari, nyama ya heshima, kwa shukrani.

Alhamisi akaja mzungu mmoja wa lile kundi lenu, yule mwenye ndevu. Alileta sweta lako. Dereva wake alibaki barabarani na gari, kwa hiyo nyumba nzima ikanitazama mimi. Mama akaniambia nimuulize wa pili aliyekuwa nawe, mbali na Mzee Eliakunda, ni nani, ili naye apate sehemu yake ya nyama.

Nilipanga maneno kichwani kama ulivyonizoeza. *Who was with him?* Yalitoka sawasawa, kaka, ungenisifu. Mzungu akatazama viatu vyake, akasema, *Nobody.* Hakuna mtu. Akaeleza polepole, na laiti nisingeelewa. Kwamba ulikaa kando ya njia, unatetemeka. Kwamba Mzee Eliakunda alisema utawafuata, wasisimame, wageni wataganda. Kwamba asubuhi ndipo waliporudi kukutafuta. Alilia yule mtu. Mimi sikumhurumia hata kidogo, Mungu anisamehe.

Mama alingoja. Nilijiambia, Haika, sema jina lolote, sema mpagazi mwenzake, nani atajua? Humu ndani Kiingereza ni changu peke yangu. Mama akanishika kidevu.

"Uso wake nimeuona. Niambie kama alivyosema."

Nikamwambia kama alivyosema. Hakulia. Alimpa mzungu ndizi za kuchoma, akamsindikiza mpaka kwenye mimea ya masale ya mpakani, kisha akaingia ndani akakaa na ng'ombe.

Jumamosi nilidhani atamfukuza mzee. Wapi. Beberu alichinjwa, majirani wakajaa, Mzee Eliakunda akakalishwa pa heshima. Mama akachota mbege kwa kata ya kibuyu akaonja kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa ili mgeni asiwe na shaka. Mzee akanyoosha mikono miwili kupokea. Mama hakumpa. Alibaki ameishika kata kifuani, na uwanja mzima ukageuka kumtazama, maana kwetu nani amewahi kuona kata ikionjwa isipite?

"Mwanangu alikuwa na nani?"

Mzee akashusha mikono.

"Mama Aminieli, nilikuwa na wageni."

Mama akainywa ile mbege yote mwenyewe, taratibu, wote tukimtazama, akageuza kata chini juu. Mzee akainuka akaenda zake, na kidari tukakizika. Mbwa hakukipata wala mtu.

Tangu siku hiyo mama hasemi tena lile neno la ng'ombe. Nimemnyang'anya, nami sijui kama nilifanya vema. Kuna asubuhi ananitazama kama mtu aliyeniazima kitu nikakipoteza. Jana tu ndipo aliponiuliza, baridi ile, mtu huisikia mpaka mwisho, au kuna mahali inaacha kuuma? Nikamwambia inaacha. Hilo sikumuuliza mzungu. Hilo nililitunga, na nitaendelea kulitunga kila atakaponiuliza.

Kwaheri, kaka yangu. Nimehamisha kigoda cha kukamulia, nimekiweka hapa mgombani ulipolala, na mama ameleta cha kwake. Tutakaa jioni zote. Yeye haongei, mimi naongea kwa ajili ya wote watatu. Mlimani walikuacha, hapa hatuondoki.

Mdogo wako,
Haika