Siku ya Masikio Kule Jericho

Koki, uko? Nimecheka hadi machozi. Mama ndio amenitobolea leo vile mjomba Kimeu alikuja kuishi kwetu mtaani Jericho.

Ni 1979. Mjomba amekaa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka sita. Amepata nafuu, ameletwa kwa dada yake wikendi ya majaribio. Nesi mgeni, asiyemjua, anakuja kukagua nyumba; akiikataa, mjomba anarudi wodini. Pengine maisha yake yote.

Mama anatoka mbio kununua maziwa ya chai ya nesi. Anarudi, nesi ashafika!

Na anamhoji BABA. Baba yangu, Koki!

Unajua Baba na vinyago vyake. Amekaa sakafuni, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anamgombeza twiga: "Simama wima, mama, usiniaibishe."

Nesi, kwa upole: "Mzee, leo ni siku gani?"

Baba, bila kuinua kichwa: "Siku ya masikio."

SIKU YA MASIKIO! Ana twiga arobaini, jana alichonga miguu!

Mjomba naye yuko kitini, koti na tai. Nesi anamgeukia: "Utaweza kuishi naye?"

Mama mlangoni, maziwa mkononi.

Mjomba akamtazama Baba weee. Akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Hana fujo. Akisahau kula, nitamkumbusha."

Nesi akatia sahihi. "Basi akae. Lakini usimwache peke yake."

Na hakumwacha, Koki. Miaka thelathini, kila saa saba mchana, nani alikuwa anampelekea Baba chakula?