Masale ya Kaburi la Baba

Mdogo wangu Elibariki,

Mfikishie Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana ukifika katikati utakasirika usahau. Miguu yake inaendeleaje? Mimi huku Sumbawanga ni mzima, shule tumefungua.

Nimepata barua ya Mama, aliyoandikiwa na shangazi. Anasema umeng'oa masale yote kwenye kaburi la Baba ukayachoma, kwa sababu yule mhubiri wa Njoro mwenye jenereta na spika amesema ni miti ya mizimu. Nimeisoma mara tatu. Mama aliyapanda mwenyewe siku ya maziko, mchungaji akiwa amesimama pale pale. Leo wewe uliyeokoka juzi ndiye wa kumfundisha Mungu mti upi ni wake? Fungua Mwanzo, sura ya kwanza. Muumba aliotesha miche yote, akaona ni vyema. Hakutenga sale akampa shetani.

Na umesahau upesi. Ulipompasua kichwa jirani yetu Mzee Anaeli kwa mpini wa jembe, kwa ugomvi wa mfereji, nani alikutoa polisi? Baba alichuma jani la sale, akalishika kwa mikono miwili, akaenda kukuombea msamaha. Mzee alikuwa na bandeji kichwani, lakini nani kwetu amewahi kulikataa jani lile? Alisema, "Nimelipokea. Mtoto arudi nyumbani." Yesu ametuagiza tukapatane kwanza, ndipo tutoe sadaka. Wazee wetu walikuwa na njia ya kwenda kupatana, wewe umeitia moto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Mama haendi tena ibadani. Anaogopa kushiriki Meza ya Bwana akiwa na kinyongo na mwanawe. Umemtoa Mama kanisani, Elibariki, tena kwa jina la Yesu.

Anasema atakusamehe siku utakayomletea jani la sale. Kwetu hakuna tena, umehakikisha mwenyewe.

Msalimie mkeo, na shangazi aliyeshika kalamu.

Masale yapo kwa Mzee Anaeli, kando ya mfereji. Usichume kimya kimya. Piga hodi, mwamkie, umweleze unalitaka jani la nini.

Dada yako, ninayekupenda hata leo,
Aikaruwa