Mto Uliopanda Mlima

Nyumbani kwa Baba,
Ghorofa ya Pili, juu ya duka la fundi cherehani.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo uliokuwa unakusumbua umeshapoa. Wifi je, ameacha zile zamu za alfajiri? Na wanangu hao wawili, bado wanagombania dirisha kwenye gari? Waambie shangazi yao anawauliza. Mimi kiafya sijambo. Nakula, nalala, kazini naenda.

Kuhusu Baba, katika barua tatu zilizopita nilikuandikia kwamba hajambo. Niliandika hivyo nikijua si kweli. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Ukimaliza, una haki yako.

Itabidi nianze mbali kidogo, maana mwaka jana uliniuliza kitabu changu ni cha nini na nikakujibu kwa mzaha. Ni hivi. Kuna mchezo unaochezwa mezani, watu wanne au watano. Mmoja wao ni msimulizi, na wengine kila mtu anajitwalia mhusika wake: huyu mwizi, huyu mganga, huyu askari aliyefukuzwa jeshini. Msimulizi anawaambia mmefika kwenye lango, limefungwa, mnafanyaje? Wanashauriana, wanaamua, wanarusha dadu, na dadu ndizo zinazosema kama wamefaulu au wameumia. Hakuna mshindi. Hadithi moja inaweza kuwachukua mwaka mzima. Sasa, msimulizi anahitaji dunia ya kuwatembezea watu wake: miji, mito, watawala, sheria, umbali wa kutoka hapa hadi pale. Dunia hiyo ndiyo niliyoibuni mimi na kuiandika kitabu. Inaitwa Utusi. Wewe uliiita mashetani ya karatasi, na hilo sijalisahau.

Ofisini kwetu, kama unavyojua, tunachapisha vitabu vya mazoezi vya shule, na kazi yangu ni kusahihisha makosa. Mhariri alikubali kuijaribu Utusi kwa sababu binti yake na wenzake walikuwa wanaucheza mchezo huo kwa vitabu vya kurudufu, vimechakaa mpaka kurasa zinadondoka. Akaniambia niandike, ila nitafute mtu wa ramani.

Mtu wa ramani nilikuwa naye nyumbani, amekaa kwenye kiti cha Mama, anatazama ukuta. Unakumbuka alivyokuwa baada ya msiba. Miezi ilipita hanyoi, hashuki ngazi. Nikamwekea karatasi mbele yake nikamwambia, Baba, nichoree nchi isiyokuwepo. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Mpima ardhi wa miaka thelathini na minne, ambaye wenzake walimwita Bwana Nukta kwa kuwa aliwahi kurudi uwandani kwa miguu, kilomita kumi, kwa ajili ya nukta moja iliyokaa vibaya, leo anaambiwa achore uongo.

Kesho yake nikamkuta mezani.

"Huu mto wako unatoka wapi?" akaniuliza. "Usiniletee mto usio na chanzo."

Kaka, nilimpata baba yetu tena. Alinyoa. Alitoa bikari zake kwenye sanduku la bati, akazipangusa moja moja. Tuligombania kila kitu. Mimi nasema kutoka Lango la Nyuki, ambao ndio mji mkuu wa Utusi, hadi pwani ni mwendo wa siku mbili. Yeye anasema kwa mtu aliyebeba ngao ni siku nne, na akiwa mnene kama mhariri wenu, tano. Jangwa langu lote alilikataa kwa sababu nililiweka upande wa milima unaopata mvua. Nikalihamisha. Mimi naandika upande huu wa meza ya jikoni, upande ule nasikia rula yake ikigonga, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu tukiwa wadogo.

Mwezi wa nane akanikabidhi karatasi ya kaskazini. Mistari ya mwinuko ilikuwa myembamba kama nywele, kwa mkono wake uleule. Na Mto Simile unaanzia ziwani, bondeni, unaikata mistari ile mmoja baada ya mwingine, unapanda mlima hadi kileleni, halafu unashukia upande wa pili. Huyu ni mtu aliyenifundisha kusoma mteremko kwenye ramani kabla sijajua kusoma saa.

Niliuona. Usidhani sikuuona, kazi yangu ni kuona makosa. Nilikaa na karatasi ile siku nzima. Zilibaki wiki mbili kazi iende kiwandani kuchapwa, nikajiambia sababu ni hiyo. Kisha nikajiambia labda amekusudia, ni dunia ya kubuni, ameamua kucheza na yeye. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimeikuta miwani yake ndani ya sufuria, na mara mbili alikuwa ameniita kwa jina la Mama, na sikutaka kuyaweka mambo hayo pamoja. Nikaipeleka karatasi kama ilivyo.

Kitabu kikatoka. Mwezi wa kumi na mbili ikaja barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa hesabu, msimulizi wa kikundi cha watu wazima watano. Alisema wameicheza Utusi wiki sita, na wiki zote sita wanatafuta sababu ya Mto Simile kupanda mlima. Mmoja wao, muuguzi, anashikilia kwamba kuna kitu kileleni kinachoyaita maji. Mwingine ni fundi wa lifti, na yeye bila shaka anasema kuna mashine. Mwalimu akaandika kwamba hajawahi kukutana na wazo la kijasiri kama hilo. Mhariri aliisoma barua hiyo mbele ya ofisi nzima, wakanipigia makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilipigiwa makofi kwa ugonjwa wa baba yangu. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Sasa naiacha.

Barua yenyewe nikaja nayo nyumbani, nikaisahau mezani. Jioni iliyofuata niliporudi kazini, Baba alikuwa ameketi na kitabu kimefunguliwa kwenye ramani ya kaskazini.

"Nani amechora hii?"

"Mimi, Baba," nikasema. "Nilikosea wakati wa kunakili."

Akanigombeza. Alinigombeza kama zamani, unaikumbuka sauti ile, kwamba ramani si kitu cha kubahatisha, kwamba kuna mtu ataishika mkononi na kuifuata. Nikasimama nikasema samahani, Baba, samahani. Halafu akanyamaza katikati ya neno. Akakisogeza kitabu dirishani. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya Simile, ile S yake yenye mkia, ambayo sisi sote tulijaribu kuiga tukashindwa. Alikifunga kitabu, akakinyoosha kikawa sambamba na ukingo wa meza, akaenda kujilaza na viatu vyake.

Tangu siku hiyo hakugusa penseli. Nilimwachia karatasi mezani kila asubuhi, na kila jioni nilizikuta vilevile.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, fundi cherehani wa chini alinipigia simu kazini, saa sita mchana, kwamba mlango wetu uko wazi na ndani hakuna mtu. Kofia ya Baba haikuwepo, wala mkoba wake wa uwandani. Nilikwenda sokoni, hospitali, kituo cha polisi, nikaenda hadi makaburini kwa Mama. Saa kumi ndipo nikapata simu ya mkata tiketi wa stendi ya mabasi. Alikuwa amepiga ofisini kwetu, kwa namba iliyo nyuma ya kitabu alichokishika Baba, na wao wakampa namba yangu.

Nilimkuta ndani ya kibanda cha tiketi, ameketi kwenye kreti, amefunikwa mabega kwa sweta ya yule mama mkata tiketi. Mama huyo akanivuta pembeni. Akanieleza kwamba Baba alipanga foleni kwa utaratibu wake, na zamu yake ilipofika akaomba tiketi ya kwenda Lango la Nyuki. Wapiga debe wakacheka. Mmoja akamwambia basi la huko limeondoka jana. Ndipo yule mama akamwingiza ndani na kumwuliza anakwenda kufanya nini huko.

"Ameniambia kuna mto umepimwa vibaya," alisema. "Watu wanaufuata, watapotea. Anataka awahi akaupime upya mwenyewe."

Ndani ya mkoba mlikuwa na bikari, daftari, jozi moja ya soksi na mkate nusu. Pale stendi sikulia. Nililia nyumbani, bafuni, nimeacha bomba wazi asinisikie.

Tumekwenda kwa daktari mara mbili. Alimwambia Baba achore saa. Baba akachora duara kwa mkono mtupu, safi kabisa, mpaka daktari akalistaajabia. Kisha akazipanga namba zote kumi na mbili upande mmoja. Ni ugonjwa wa kusahau, Kaka, ule usiorudi nyuma. Kuna dawa za kuuchelewesha kidogo. Daktari alipouliza dalili zilianza lini, nikasema mwezi wa nane. Akaandika. Hakunilaumu, na ningefurahi kama angenilaumu, maana ni miezi sita ambayo dawa zingekuwa zimeshaanza, na ni mimi niliyeila.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mhariri nikamweleza yote. Alinisikiliza, ni mtu mwema. Lakini kitabu kinachapwa mara ya pili, na wasomaji wameupenda mto jinsi ulivyo.

"Acha uwe muujiza," akaniambia. "Nani anaumia?"

Kwa upande wake anasema kweli. Nikangoja asubuhi ambayo Baba ameamka akili imetulia, nikamwuliza yeye mwenyewe. Nikamwambia watu wanaupenda mto ule, kuna kikundi kizima kinaupanda.

"Wanaupenda kwa kuwa hawajui nilitaka kuchora nini," akasema. "Urekebishe. Nitakuelekeza, wewe ushike kalamu."

Imetuchukua siku kumi na moja. Dakika ishirini kila asubuhi, akichoka tunaacha. Kuna siku aliniamuru niupandishe tena mlimani, na alinikasirikia sana nilipokataa, akaniuliza nani aliyeniajiri. Siku hizo nilikunja karatasi tukanywa chai. Jumatano iliyopita Simile ulifika baharini kwa kushuka. Nikaipeleka kwa mhariri nikamwambia ama ichapwe hii, ama jina la Baba na langu yatoke kwenye jalada. Ameikubali, kwa uso wa mtu aliyeuma limau. Mwalimu wa hesabu nimemwandikia ukweli wote. Hajajibu, na nadhani nimewaharibia mchezo wao.

Kitabu cha pili cha Utusi nilikuwa nimekifikisha sura ya nne. Nimekisimamisha. Nikikaa kuandika naona sina wa kunikatalia.

Sasa ombi langu. Usitume kitu, Kaka. Njoo wewe. Uliahidi likizo ya mwisho wa mwaka, na mimi nakuambia mwisho wa mwaka ni mbali. Leo bado anakujua. Juzi alinisimulia siku ulipodumbukiza buti lake kisimani, akacheka mpaka akakohoa. Kuna siku nyingine anadhani uko shuleni, na ukichelewa ananituma dirishani. Fundi cherehani anapanda kumwangalia mchana, na Shangazi anakuja kila Alhamisi. Mlango nimeutia komeo kwa juu. Nililifunga mwenyewe kwa bisibisi huku Baba akinishikia skrubu, bila kujua ni la nani.

Ukipiga simu, usimsahihishe. Akikuuliza mtihani umekwendaje, mwambie umefaulu.

Msalimie wifi sana, umwambie asinifikirie vibaya kwa kuficha. Wabusu watoto kwa niaba ya babu yao. Shangazi anakusalimu, anasema wewe ni mvivu wa kuandika na hilo halitokani na ukoo wake. Fundi cherehani naye anakusalimu, ingawa bado anadai kwamba ulimkanyagia kitambaa cha harusi ya watu.

Nilikuwa nafunga hapa, Baba akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza namwandikia nani. Nikamjibu, namwandikia Kaka. Nikamnyooshea kalamu aongeze neno kwa mkono wake. Akaitazama, akanirudishia.

"Mwambie mimi mgonjwa," akasema. "Na anwani uandike wewe. Nikiiandika mimi, haitafika."

Mungu akufungulie njia, akulete salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja.