Flashi ya Mbele Haikuwaka

Shoga, uko wapi? Pokea simu! Basi soma hii.

Si nilikwambia mama anataka picha nzuri, tangu daktari atuambie twende naye tu nyumbani? Leo nimemkalisha studio kwangu. Flashi mbili nyuma yake, kila moja na softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, zimchore mwanga kichwani na mabegani. Ya tatu mbele, ya uso.

Ya mbele haikuwaka. MIMI, na kazi yangu hii, nimesahau kuchaji betri!

Na nikamwonyesha picha kabla sijaiangalia. Unanijua na kiherehere changu.

Uso mweusi tii. Hakuna macho, hakuna mdomo. Mstari wa mwanga tu kuzunguka kichwa, na vile vinywele vilivyobaki vinang'aa kimoja kimoja.

Akaitazama weee. Akasema, "Mbona sipo?"

Shoga. "Mbona sipo?" Kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi jikoni.

Nikajichekesha, nikamwambia ni betri tu mama. Nikabadilisha, nikampiga picha nyingine nyingi. Nzuri kweli, anatabasamu, macho yanawaka. Hataki hata kuziona.

Anaitaka ileile ya kwanza. Nikamwambia, mama, ile imeharibika, huonekani.

Akanishika mkono. "Ndiyo maana naitaka. Itundike sebuleni, muanze kunizoea hivyo nikiwa bado nipo."

Nimeichapisha, shoga. Ningefanyaje?

Tumesharudi nyumbani. Saa hizi yuko sebuleni, anachagua ukuta.