Mama Anajifunza Poka

Laini Saba, 3 Machi 2025

Nyathina Oyoo, mwanangu,

Habari ya Kawangware? Mimi niko, ni magoti tu. Hata kupanda mpaka barabarani siwezi, nakaanga omena, dagaa zangu za kuuza, nikiwa nimeketi. Simu yangu nayo iliingia kwa karai la mafuta ya moto, ndio maana naandika. Jirani yangu Sella atakuletea, yeye huja huko kwenu, kituo cha 56, kila siku kununua mboga.

Ameniambia alikuona hapo kwenu Gatina ukicheza karata na wanaume asiowajua, mchezo wa poka. Sijaandika kukugombeza. Niambie tu unachezwaje. Mimi najua ule mchezo wetu wa kadi peke yake, na wewe hata kadi ilikuwa inakushinda: ukibaki na karata moja unaanza kucheka kabla hujasema "niko kadi".

Mashine ya kuchomelea ya marehemu babako iko salama?

Mamako, Seline


Gatina, 6 Machi

Mama, niaje. Pole na magoti. Mashine iko, leo nimechomelea mageti mawili.

Poka ni rahisi. Kila mtu anapewa karata mbili, anazificha. Kisha mezani zinafunguliwa tano za wote: kwanza tatu, halafu moja, halafu moja. Kila zikifunguliwa unaamua: unaongeza dau, unaweka sawa na wenzako, au unatupa karata zako na kutoka. Mwisho kila mtu anachagua tano bora. Pea moja, yaani karata mbili zinazofanana, inapigwa na pea mbili. Pea mbili zinapigwa na tatu zinazofanana. Juu yake kuna tano zinazofuatana, halafu tano za aina moja, kama maua matupu. Ziko kubwa kuliko hizo lakini hizo huja mara chache sana.

Mchezaji mzuri hutupa karata nyingi kuliko anazocheza. Anayeamua mwisho ana nafuu, ameshaona wote. Halafu kuna blafu: huna kitu mkononi, lakini unaongeza kama mtu mwenye karata kali, mpaka mwenzako anaogopa anatupa zake.

Usiwe na wasiwasi, tunacheza na visoda vya chupa, si pesa.

Oyoo wako


Laini Saba, 11 Machi

Nyathina,

Salamu. Magoti ni yale yale. Nimecheza na Sella na Whitney wa mlango wa pili, tukaweka maharagwe. Siku ya kwanza nilimaliza yote kwa sababu kila karata niliiona nzuri. Siku ya pili nilitupa tu, nikatupa, wakanicheka, na jioni nilipika maharagwe yao.

Kitu kimoja sijaelewa. Mtu akifanya hiyo blafu, nitamjuaje?

Na mashine hujaniambia kitu tena.

Mamako


Gatina, 17 Machi

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Magoti yanaendeleaje? Dawa ulipata? Whitney hajambo? Sella na watoto? Kanisani mko sawa? Na yule kuku wako mwekundu bado anataga? Mimi huku niko salama salimini, namshukuru Mungu sana.

Kuhusu swali lako: anayedanganya hufanya kitu ambacho siku zingine hafanyi. Mwingine anashika sikio, mwingine anaongea sana. Mwangalie siku za kawaida, utajua.

Mashine iko sawa kabisa, kabisa. Jumamosi saa nane tunacheza kidogo kwa Mutiso, mmoja wa wale wenzangu wa karata. Visoda tu.

Mwanao akupendaye, Oyoo


Laini Saba, 22 Machi, asubuhi

Oyoo,

Nimemwambia Sella akupe hii mkononi, hata kama umeketi mezani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mambo yakiwa sawa wewe husema "niaje", basi. Mwaka ule uliacha shule ukanificha, uliniandikia hivi hivi, ukauliza hali ya kila mtu. Sasa umefika mpaka kwa kuku.

Nusu ya milango ya Laini Saba ilichomelewa na mashine hiyo. Wewe ulisoma nayo. Kwa hivyo leo alfajiri nimekuja 56 na mtu wa mkokoteni, nikafungua kibanda chako cha kazi na ule ufunguo wa pili ninaokaa nao, nikaichukua. Cheza na kile umebaki nacho.

Mamako


Kawangware 56, 22 Machi, jioni

Mama, niaje.

Barua imenikuta nikiwa na esi mbili mkononi, pea kubwa kuliko zote. Visoda viliisha zamani. Pesa yangu yote imeenda, na Mutiso alisema nikitaka kuendelea niweke mashine. Nilikuwa nimekubali. Nimesoma barua yako, nikawaambia mashine haipo. Nikatupa esi zote mbili, nikatoka.

Nimekimbia mpaka kibandani. Kufuli iko vile niliiacha. Nimefungua, mashine iko chini ya gunia lake. Nimeketi juu yake nikalia, sikufichi.

Sella anasema hujatoka nyumbani wiki nzima. Na hayo magoti ungefika 56 namna gani? Hata sikufikiria, niliogopa tu. Kesho naileta kwako. Nitafanyia kazi hapo kando ya reli.

Oyoo


Laini Saba, 23 Machi

Nyathina,

Njoo mapema kabla ya jua kali, chai iko. Ule ufunguo wa pili ulipotea Krismasi, niliogopa kukuambia. Sikuwa na kitu mkononi, Oyoo. Nilikuwa na hofu tu.

Kuku anataga.

Mamako