Supu ya Mama na Mbirimbi za Bi Kazija

Jumamosi, Mei 1958. Ng'ambo, Unguja.

Mvua imeanza tangu alfajiri na mpaka sasa, baada ya alasiri, bado haijachoka. Leo sikwenda kazini. Wageni ni wachache pale hotelini Shangani, na mpishi mwenzangu anatosha kuwakaangia mayai.

Naandika kwa Kiswahili. Nshakaa kisiwani hapa miaka kumi na miwili tangu nilipoteremka melini, hata ndoto zangu zimehamia lugha hii. Ulimi tu ndio uliobaki Ufilipino, pale unapotamani chakula.

Mama yangu amefariki.

Nimeweza kuliandika. Barua ya dada yangu ilifika juzi kutoka Batangas, kwetu, baada ya kuzunguka bandari nyingi. Mama alizikwa miezi mitatu iliyopita. Niliisoma nimesimama jikoni hotelini, nikaikunja, nikaendelea kumenya viazi. Sikumwambia hata mke wangu, Mwajuma. Nilijidai namwonea huruma, lakini ukweli ni kuwa naona haya. Miaka mitatu mizima sikumwandikia mama hata mstari mmoja. Nitamlilia kwa uso gani?

Basi tangu juzi hadi leo asubuhi sikulia. Nakumbuka vyakula.

Nakumbuka mkahawa wa Mchina mmoja karibu na bandari ya Manila, siku niliyopata kazi ya upishi melini. Baba alininunulia sahani ya pansit, tambi zilizokaangwa kwa kabichi na kamba wadogo wa baharini, na vipande vya ndimu vya kukamulia juu. Kamba wote alinisogezea mimi, akasema hawapendi. Hakuna kitu baba alichokipenda duniani kuliko kamba.

Nakumbuka bibingka ya mama, mkate wa mchele na tui la nazi, makaa chini na makaa juu, tukiula wa moto asubuhi ya Krismasi kwenye jani la mgomba. Siku ya kwanza nilipomwona Mwajuma akipika mkate wa kumimina, makaa yamepangwa juu ya kifuniko, nilisogea karibu kuunusa. Nadhani ndiyo siku niliyoamua kumwoa.

Lakini zaidi ya vyote nakumbuka sinigang, supu yake ya samaki yenye ukali wa ukwaju.

Leo nilitaka kuipika. Mwajuma alitoka asubuhi na binti yetu kwenda kusaidia mapishi ya harusi mtaa wa pili. Nyumbani alibaki mama yake, Bi Kazija, aliyekuja kutoka Jambiani kutibiwa jicho.

Bi Kazija, katika miaka tisa ya ndoa yetu, alikuwa hajala chakula cha mkono wangu. Si mkorofi. Ananiita mwanangu, ananiombea dua. Ila anajua nilipika melini, na anajua vyungu vya melini hupikiwa nini. Nilisilimu kabla ya kuoa, na masufuria yote ya nyumba hii kayanunua mwanawe mwenyewe. Hata hivyo nikiingia jikoni mimi, yeye huwa ameshashiba. Huja na mihogo yake na papa mkavu wake.

Nilikwenda sokoni Darajani na mvua hiyo hiyo, nikanunua changu wawili, majimbi, bamia, nyanya na ukwaju. Nikapika kwa maji niliyooshea mchele, kama alivyokuwa akifanya mama. Nikaonja.

Haikuwa yake.

Nikaongeza ukwaju, supu ikawa nyeusi na yenye utamu. Nikakamua ndimu, ikazidi kuharibika. Hapo ndipo nilipolia, nimeshika upawa, kwa sauti, kama mtoto.

Sikumsikia Bi Kazija akiingia.

"Moshi?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa unatafuta nini ndani ya sufuria hilo?"

"Mama yangu alikuwa akipika hivi. Kafa, mama. Nna barua siku ya tatu leo."

Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema taratibu. Niliogopa ataniuliza dini ya marehemu. Akaniuliza jina.

"Rosario."

"Bi Rozari," akalirudia kwa shida. "Siku zote hizi nyumba ina msiba, na sisi tunacheka na redio. Hukufanya vizuri, mwanangu."

Kisha akauchukua upawa mkononi mwangu, akatia tone la supu kiganjani, akalilamba.

"Ukwaju huu umeiva mno. Mamako alitia mbichi?"

"Mbichi, wa kuchuma mtini. Ukikosekana, alitia tunda moja la kijani, refu kama kidole, kali sana. Sisi twaliita kamias."

Akajifunika kanga kichwani, akatoka mvuani. Uani kwa jirani kuna mti nimepita chini yake miaka tisa bila ya kuutazama, kwa vile siku zote nauona wa achari tu. Alirudi na mbirimbi tele, za kijani, ndefu kama vidole, ndani ya upindo wa kanga.

"Sisi Jambiani, mchuzi wa samaki wa chukuchuku, usio nazi, twatia hizi. Ponda."

Nikaziponda, zikachemka. Nikaonja tena, na mama akawa pale, mkono wake unanukia tangawizi, ananisukumia kichwa cha samaki. Alikaa vijiko viwili, labda vitatu. Baadaye ikarudi kuwa supu.

Bi Kazija akatandika mkeka. Akala. Akaongeza wali, akala tena, akinyonya miba na kuniuliza mama alikuwa mrefu au mfupi, alikuwa mwepesi wa kucheka au mkali. Nikamwambia yote, hata ile miaka mitatu ya kunyamaza. Hakunibembeleza.

"Hilo baya," akasema. "Mwandikie dadako leo hii."

Mwajuma aliporejea alimkuta mama yake akilamba vidole. Akasimama mlangoni na mwavuli wazi, maji yanamchuruzika. Kisha akaniona macho yalivyovimba. Nilipomwambia, alimlilia mwanamke asiyepata kumwona, na kilio chake kikanifungulia changu upya.

Sasa karatasi iko mbele yangu. Nimeanza mara tatu kwa lugha ya kwetu, na kila mara maneno yananikatikia. Bi Kazija ameniita kutoka chumba cha pili kuniuliza kama nimemaliza.

"Bado, mama."

"Basi mwambie hivi: mama yenu nimemwombea, na mchuzi wake nimeula."

Nimeanza na hilo.