Skana ya Mwanza na Mashine ya Salfa

Mwanza

Mjomba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Malolo, goti limepoa, na kuku wa Mama Saidi hawajamalizwa na kicheche. Mimi sijambo. Baridi ya asubuhi huku hunipa mafua, lakini ugali nakula. Ningepiga simu, ila wewe simu unaiweka sauti ya juu mpaka jirani anaitikia salamu. Basi nimemkabidhi barua mwalimu mmoja wa Nachingwea aliyekuwa huku kozini.

Uliniuliza ninafanya kazi gani kwenye chumba cha kompyuta. Safari hii nitakueleza, maana limenitokea jambo ambalo bado linanichekesha. Ofisini tunanakili ramani za mashamba. Tuna kompyuta moja kubwa, na ndani yake zinaishi kompyuta nyingine mbili zisizo na mwili. Usicheke! Hazishikiki, ni programu tu, lakini kila moja inajiona kompyuta kamili: moja ya ramani za zamani, nyingine ya ramani mpya. Kila moja ina msimamizi wake, naye ni programu pia. Wasimamizi hao wametengenezwa na kampuni tofauti, hawana hata salamu.

Shida ni skana, ile mashine inayonasa picha ya karatasi. Tunayo moja tu, na haiwezi kuwatumikia wawili kwa wakati mmoja. Msimamizi wa kwanza ana pupa: ukichomeka tu waya, ameshainyakua, na wa pili anaona kama skana haipo duniani. Nikamwamuru wa kwanza aiachie. Akaiachia. Nikangoja. Kimya! Nikachomoa waya, nikachomeka tena, yule mwenye pupa akainyakua upya. Nilitamani kumzaba kofi, ila shavu sikuliona.

Nikaulizauliza, nikachungulia huku na huku, chai ikapoa mezani. Mwisho nikaelewa. Wa kwanza akiiachia, skana haiendi kwa wa pili. Inarudi kwa kompyuta kubwa na kukaa tu, nzima kabisa, haina kazi. Msimamizi wa pili ana adabu zake, hachukui kitu mpaka aambiwe hicho hapo, chukua. Nikamwambia. Taa ya skana ikawaka, nami nikapiga kigelegele mpaka bosi akaja kuangalia kuna nini.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wewe na dada yako, Mama yangu.

Mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa mliinunua pamoja, na tangu nipate akili, anayemaliza humpelekea mwenzake. Saidi ameniambia mikorosho yako umeshaimaliza, na mashine imekaa stoo. Huko Naipingo mikorosho ya Mama imechanua, na ule ukungu wa ubwiriunga umeanza kuyapaka maua weupe. Yakisinyaa, hana korosho mpaka mwakani. Nilimuuliza kwa nini haifuati.

"Mie ntamfuataje kaka angu kama namdai? Ye ndo mkubwa, ataleta."

Nawe ukamwambia Saidi, "Si aje mwenyewe? Njia ya Malolo kaisahau?"

Mjomba, najua goti lilipokulaza kitandani dada yako hakuja kukuona, na hilo limekuuma kuliko goti lenyewe. Hata mimi lingeniuma. Lakini yeye aliambiwa ni uchovu wa shamba tu, na alipojua ukweli ulikuwa umeshaanza kutembea. Tangu hapo anaona aibu kuja. Sikufundishi, nani mimi? Ila nawapenda wote wawili, na nikiyafikiria yale maua nakosa raha.

Nisalimie Mama Saidi, ambaye najua ndiye anayekusomea haya, na hapa nadhani ameshakohoa mara kadhaa. Nisalimie binamu yangu Saidi, mwambie baiskeli yake aijaze upepo. Na Bibi, mama yenu, mwambie ile khanga aliyonipa ninaivaa mpaka ofisini.

Mwalimu atapita kwanza Naipingo na ujumbe wangu kwa Mama. Ijumaa Mama atakuja kuliangalia goti lako, na njugu mawe atabeba. Nimemwomba asiitaje mashine. Nawe usiitaje. Itoe tu stoo uiweke barazani, tanki la petroli likiwa limejaa.

Mpwa wako akupendaye,
Somoe